Ganda la Kwanza

Dagoretti, Nairobi
14 Machi 2004

Odero wa mbali,

Habari za huko kwa kangaruu? Sisi tupo. Mvua bado, vumbi la sokoni limeingia mpaka kwenye sukari, na mimi naishi kwa ubishi tu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kichupa nilichokizungushia pamba. Usikifungue karibu na dirisha, tafadhali, maana ukipiga chafya umemaliza mwaka wangu mzima. Hizo ni punje za zirkoni, yale madini yetu magumu yasiyoyeyuka ovyo, nilizozitoa katika mawe ya Kyandundu, kile kilima cha Ukambani tulichopanda tukiwa mwaka wa tatu, wewe ukawa unalilia miiba. Magunia mawili ya mawe, Odero, na kilichobaki hakijazi kizibo cha soda! Nimesaga, nimechekecha, nimeosha, halafu nimekaa na darubini na sindano nikiokota punje moja moja hadi shingo ikagoma.

Unajua ninachokitafuta. Daktari Nzioka, msimamizi wangu, ameandika, na wote wamekubali, kwamba ile milima mikubwa iliyokuwa hapa kabla ya kuliwa na mvua ilianza kuinuka miaka milioni mia sita na arobaini iliyopita. Mimi siamini. Nadhani hiyo ni tarehe ya katikati, joto likiwa limeshakolea. Mabara mawili yakigongana, mwamba huzama na kupikwa, na punje ya zirkoni huota ganda jipya juu ya kiini chake cha zamani. Likija joto jingine, linaota ganda jingine juu yake. Nataka ganda la kwanza. Urani iliyomo ndani hugeuka kuwa madini ya risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika, na wewe ndiye mwenye mashine ya kuzipima hizo mbili.

Usajili wangu unaisha mwisho wa Aprili mwakani. Nisipowasilisha tasnifu kabla ya hapo, nimefutwa, na shahada ya uzamili nitaisikia kwa jirani. Baba mdogo ameshaniwekea kiti katika benki yao kule Upper Hill. Ananiambia, "Wenzako wanahesabu pesa, wewe unahesabu mchanga." Namchekea tu.

Mashine ya idara ya kusagia mawe imeharibika tangu Novemba. Nilipata nyingine mtaani. Usiniulize.

Nijibu kwa posta. Barua pepe za idara hufunguliwa na karani wa Daktari kabla yetu sisi.

Wahu

*

Perth, Australia
2 Mei 2004

Wahu mkorofi,

Keti kwanza. Umeketi?

Nilizigandisha punje zako kwenye gundi, nikazisugua mpaka zikakatika katikati, nikazipiga picha. Zina miviringo kama kitunguu kilichokatwa. Nikazipima ganda kwa ganda. Nyingi zinasema mia sita arobaini, kama mzee alivyosema. Lakini punje sita, Wahu, maganda yake yanasema mia saba na themanini! Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa maabara akauliza kama ninaumwa.

Nakuomba jambo moja. Usiende kumpigia Daktari kelele. Kile kilima ni cha kwao, alizaliwa chini yake, na tarehe ile ndiyo iliyompa jina. Subiri kidogo, tuzitazame tena hizo picha.

Na nakuuliza ingawa umenikataza: hiyo mashine ya mtaani ni ipi?

Huku baridi inaanza. Nimepata sukuma wiki kwa Mchina mmoja, nikakaribia kulia.

Lenox Odero

*

Dagoretti
30 Mei 2004

Odero,

Nani alimpa Daktari namba zangu?

Nilikwenda kwake Lavington kwa sababu yuko likizo. Mlinzi alinisimamisha getini: "Madam, ngoja hapo kando, mzee anakunywa chai." Nikangoja kando. Unajua nilichokiona? Ile njia ya bustani yake imepangwa mawe pande zote mbili, yamepakwa chokaa nyeupe, na mawe yenyewe ni mwamba wa Kyandundu! Ile mistari ya kijivu na waridi siwezi kuikosea hata chini ya chokaa. Sisi tunalala porini kutafuta kipande, yeye amekifanya pambo la maua.

Alipomaliza chai akaniita ndani. Sikuwahi hata kufungua mkoba. Alinisukumia karatasi juu ya meza. Ilikuwa chapa ya mashine yenu, ya siku kadhaa kabla ya barua yako. Akasema, "Wahu, hizi grains sita ni noise tu, makosa ya kipimo. Toa. Kila mtu hutoa. Andika six-forty, mimi nasaini, unaenda zako benki."

Yaani hata ya benki anaijua.

Nikamwambia sitoi. Akacheka kama mtu anayemcheka mtoto aliyekataa uji. Akaniambia nimfikirie mama yangu. Mama yangu alikufa nikiwa mwaka wa pili chuoni, na Daktari alikuja mazishini. Nikamkumbusha. Hapo akaacha kucheka, lakini hakubadili neno.

Basi nijibu swali langu. Usinieleze habari za sukuma wiki.

Wahu

*

Perth
20 Juni 2004

Wahu,

Ni mimi.

Na kabla hujachana hii barua: kila Julai mfadhili wangu anataka ripoti, na ripoti hiyo anaisaini Daktari Nzioka. Bila sahihi yake mimi napanda ndege narudi Kawangware, namkuta mama yangu, Mama Awiti, anasubiri karo ya wadogo zangu watatu. Mwaka jana Daktari aliniambia kwamba kila punje ya Kyandundu itakayopita hapa aione kwanza. Nikakubali. Ungekataa wewe? Najua ungekataa. Wewe una baba mwenye biashara.

Nakushauri kwa roho safi: zitoe hizo sita. Chukua shahada yako, halafu piga kelele ukiwa umeikalia. Hatakunyang'anya.

Kuna jambo jingine, na silisemi kumpendeza mtu. Zile punje sita hazina ganda la mia sita arobaini juu yake. Hata moja. Wenzao wote wanalo. Kama zilikuwa ndani ya kilima siku ya lile joto kubwa, zilikwepa vipi? Na ni za mviringo, kama zilizobingirishwa na mto. Mimi sijui. Wewe labda unajua, kwa sababu mpaka leo hujaniambia mawe yalisagwa wapi.

Odero

*

Dagoretti Market
8 Agosti 2004

Kwa kijana Lenox Odero,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni Mwaura, baba yake Wahu. Hunijui, lakini mimi nakujua, maana jina lako limetajwa sana katika nyumba hii, kwanza kwa uzuri na siku hizi kwa ubaya. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha. Wahu hajui kwamba nakuandikia.

Kijana, msichana hali chakula. Hasemi na mimi wala na redio. Nitakueleza ilivyokuwa, uniambie nilipokosea.

Niliona amekonda na kwamba yule mwalimu wake, aliyekuja kumzika mama yake, hataki kumpa sahihi. Nikasema, mimi ni mzazi, acha niende tuongee kama watu wazima. Nikavaa ile suti ya kwendea harusi, nikachagua mguu wa mbuzi mzuri, nikaufunga vizuri kwenye gazeti, nikaenda mpaka chuoni mjini. Alinipokea kwa heshima sana. Akaniagizia chai.

Nikamwambia, Daktari, mtoto huyu si mvivu. Mashine yenu ilipokufa hakukaa kulia. Alileta magunia yake hapa kwangu Dagoretti, nikamsagia kwa mashine yangu mwenyewe, ile ya mifupa ya kichinjioni. Meno yake ni ya chuma cha reli. Nikamwambia mashine hiyo haijawahi kukwama. Mifupa inakula, na ule udongo wa chumvi wa kulambisha ng'ombe unaoletwa na lori kutoka mbali inakula, na juzi mawe ya chuo imekula pia. Nikamwambia kama idara inataka, nitawasagia yote kwa bei ya chini.

Alinisikiliza sana. Akaniuliza habari ya ule udongo, nikamweleza yote. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema amefurahi mno kuniona. Mguu wa mbuzi akapokea. Nilirudi nikiimba nyimbo za kanisani.

Jioni Wahu akaja, nikamhadithia. Akaketi sakafuni. Kesho yake akaitwa chuoni, na aliporudi alifunga mlango.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma kazi hiyo. Mashine yangu ina shida gani? Nimemharibia mtoto?

Ni mimi,
Baba Wahu

*

Perth
29 Agosti 2004

Wahu,

Baba yako ameniandikia. Usimgombeze. Nimemjibu kwamba hakukosa chochote, alisema ukweli wake kama ulivyo. Sisi wawili ndio tuliouficha ukweli, kila mmoja wake.

Bone crusher, Wahu! Mashine ya mifupa! Mwanzo nilicheka, halafu nikaziendea zile picha, kicheko kikaniisha. Mifupa haina neno, haina zirkoni. Ila ule udongo wa ng'ombe ni mchanga wa mto kutoka mahali pengine kabisa, na mchanga wa mto umejaa zirkoni. Punje zake zilibaki kwenye meno ya mashine, zikaingia kwenye mawe yako. Ndiyo maana ni za mviringo. Ndiyo maana hazina ganda la juu. Hazikuwahi kukiona Kyandundu. Mia saba themanini si ya kilima chetu, ni ya ng'ombe.

Najua inauma. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda hiyo namba.

Andika mia sita arobaini. Safari hii sisemi kwa sababu ya Daktari. Nasema kwa sababu huna kitu kingine mkononi, na Aprili inakuja.

Odero

*

Dagoretti
21 Novemba 2004

Odero,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na kazi, si kwa sababu nimeshindwa.

Kwanza nilikuwa na aibu. Niliiosha ile mashine kwa maji na sabuni mara tatu, nikajidanganya kwamba imetosha, na sikukwambia kwa sababu nilijua utacheka. Ningekwambia Machi tungejua Machi. Hilo ni langu na nimelibeba.

Daktari aliponiita hakugomba. Alikuwa mpole kama shemasi. "Wahu, nimekusamehe. Hii story ya mifupa itabaki kati yetu. Andika six-forty, kesho nasaini. Hakuna mtu atajua." Odero, nilikuwa nimechoka na karibu nikubali! Midomo ilishaanza kusema ndiyo. Halafu nikajiuliza, kwa nini ana haraka ya kunisamehe? Mtu aliye na uhakika na tarehe yake angeniambia, rudi ukapime tena, uone.

Nikamwambia nitarudi nikapime tena.

Akaniambia kama ni hivyo nisitarajie sahihi yake. Sawa. Baba mdogo naye akasema kiti cha benki hakingoji mtu anayebeba mawe, na amempa mwingine. Sawa pia.

Nimerudi Kyandundu na nyundo. Nimebeba gunia moja mgongoni mpaka barabarani, na akina mama wa huko wakaniuliza nani amenifanyia uchawi. Fundi mmoja wa Kamukunji amenitengenezea kinu cha chuma na mchi wake, vipya, havijawahi kuona hata punje ya mahindi. Nimetwanga kwa mkono miezi miwili nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Baba ameketi kwenye kigoda akifukuza kuku na kila mtu mwenye viatu vya kichinjioni, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kuvua vyake. Mikono yangu haifai tena kusalimia watu.

Kisha nimefanya jambo ambalo hatukufundishwa. Unakumbuka Daktari alivyokuwa akisimama nyuma yetu? "Okoteni zile safi, zinazong'aa. Zenye ukungu na nyufa mwageni." Tukamwaga, miaka yote, na yeye alimwaga kabla yetu. Safari hii nimeziokota zote. Zenye ukungu zimepigwa na joto zaidi ya mara moja, ndiyo maana zina ukungu. Ukitupa kila punje iliyoteseka, utajuaje mateso yalianza lini?

Nimekutumia kichupa kingine. Najua habari ya Julai na ya wadogo zako, na sina haki ya kukulazimisha. Ukiogopa kirudishe tu, sitakuchukia. Nitatafuta mashine nyingine hata ikiwa kwenye mwezi.

Wahu

*

Perth
13 Februari 2005

Wahu,

Nilikiweka kichupa chako mezani siku nyingi bila kukifungua. Nilikuwa nasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa naogopa, na nilikukasirikia kwa kunifanya nijione ninavyoogopa.

Halafu nikakifungua.

Mia saba na themanini haimo hata moja. Zimeisha, zilikuwa za ng'ombe kweli. Punje safi zinasema mia sita arobaini, vilevile. Lakini zile zenye ukungu, Wahu! Nje kabisa lipo ganda la mia sita arobaini, zote limezifunika. Chini yake kuna ganda jingine jembamba, na hilo ni mia saba na kumi na tano. Punje kumi na moja, na zote zinakubaliana. Nilirudia kupima nikitumaini zitakataa, ili nilale. Hazikukataa.

Kwa hiyo kilima kilianza kubanwa zamani kuliko alivyosema mzee, na si zamani kama ulivyosema wewe. Nyote wawili mlikosea, ila wewe ndiye uliyerudi.

Matokeo haya nimeyatuma kwa bahasha mbili, siku moja, yako na ya Daktari. Nimeweka jina langu chini ya kila ukurasa. Nimemwambia kwamba mwanzoni nilikuwa nikimpa yeye kwanza, na kwamba jambo hilo limekwisha. Mfadhili nimemwandikia mwenyewe, na ya Julai tutayaona Julai. Mama Awiti nimemweleza kwa simu. Akauliza kama huyo msichana wa mawe ameolewa. Nimekwambia tu, usinijibu hilo.

Simama imara.

Odero

*

Dagoretti
4 Aprili 2005

Daktari Nzioka,

Salamu za heshima.

Nimeiacha tasnifu yangu kwa karani wako pamoja na barua hii. Ulinitumia ujumbe kwamba hutaisaini mpaka niziondoe punje kumi na moja zenye tarehe ya mia saba na kumi na tano. Sitazitoa. Ulinishauri pia kwamba habari ya mashine ya mifupa niiache nje, kwa heshima ya idara. Hiyo nayo imo, sura ya tatu, yote: jina la baba yangu, meno ya chuma cha reli, udongo wa ng'ombe, zile punje sita, na jinsi nilivyokuja kwako kifua mbele nikidai namba ambayo haikuwa ya kilima. Atakayesoma na acheke. Mimi na baba tumeshacheka mpaka tukakaa chini.

Hukukosea kupima, Daktari. Mia sita arobaini ni tarehe ya kweli, ni siku za lile joto kubwa, na nimeandika hivyo kwa jina lako na kwa shukrani. Lakini si mwanzo. Mwanzo ulikuwa katika punje ulizotuambia tumwage. Nakwambia haya nikiwa mtu uliyemfundisha kushika nyundo, na sijasahau kwamba ulikuja kumzika mama yangu. Ningependa sana usaini.

Usiposaini, nimeuliza kwa msajili. Sheria inaniruhusu kuwasilisha bila sahihi ya msimamizi, nikaitetee kazi peke yangu mbele ya jopo. Waliowahi kufanya hivyo ni wachache, na wengi wao walianguka. Nimejiandikisha.

Siku hiyo kiti chako kitakuwapo mezani. Njoo na maswali yako yote, uniulize mbele ya watu, na usinionee huruma. Wakati huo kila aliyeketi chumbani atakuwa ameshalisoma kosa langu, kwa maana nimeliandika mwenyewe. La kwako, la zile punje zilizomwagwa, sikuliandika. Nimekuachia ulitaje kwa mdomo wako.

Wako mwanafunzi,
Wahu Mwaura